Mtaa Mzima Unaumwa

Jumatatu, 3 Februari

Umeme umekatika saa nne kasorobo. Nimeacha maharage jikoni, nimekwenda chumbani, nimefunga mlango wa friji kwa mpira wa baiskeli mtu asije akafungua. Kisha nimekaa kitandani naliangalia. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Miaka thelathini na nne nimefundisha darasa la tatu, nimestaafu, sasa nalinda friji.

Ndani kuna vichupa viwili vya insulini ya Baba Upendo. Mume wangu ana sukari, huu mwaka wa pili. Hapa Kiwalani tunaojua ni yeye na mie. Hata binti yetu Upendo aliyeko Mbeya hajui. Nimekatazwa. Baba Upendo ni Mmakonde, mchongaji, na kwenye kila msiba wa mtaa huu yeye ndiye anayeshika sururu ya kwanza kuchimba kaburi. Anasema siku watakayojua watamwekea kiti chini ya turubai pamoja na vikongwe, na hapo ndiyo mwisho wake.

Mwezi uliopita umeme ulikwenda siku mbili. Chumba hiki cha bati kikawa tanuri. Dawa ikaharibika, sie hatukujua, akaendelea kujichoma nayo. Siku ya tano nikamkuta anakunywa maji kwenye ndoo kwa kata, hamalizi kiu, na ananiuliza mie ni nani pale mlangoni. Mtaani tulisema malaria. Niliogopa. Hofu ile haijanitoka mpaka leo.

Saa saba umeme bado. Nimeviringisha vichupa kwenye soksi, nimevitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, nimepeleka Kipawa kwa mdogo wangu, ana jenereta. Nimemwambia ni chanjo ya kuku. Sina kuku.

Njiani nimekutana na Mwenyekiti wa mtaa. Ameona chupa, akataka kikombe kimoja. Nikasema ni uji wa mgonjwa. Mgonjwa gani? Nikaanza kukohoa. Akasema pole Mwalimu, kesho usikose, kuna mkutano mkubwa wa umeme na wewe ndiye katibu.

Maharage yameungua.


Jumanne, 4 Februari

Mkutano ofisi ya serikali ya mtaa. Viti havikutosha. Kuna mgeni, Injinia Neema, binti mdogo tu, sauti ya upole, viatu vya kazi. Ametuletea habari ambayo sikuitegemea.

Serikali inaandaa sera ya akiba ya umeme. Siyo kuzalisha tu, kuhifadhi. Wanataka kujaribu kwenye mitaa michache kabla ya kuandika sera yenyewe, na mtaa wetu umo. Litaletwa kontena la betri, likae hapa nyuma ya ofisi. Umeme ukiwepo linajaza. Ukikatika linatoa.

Mwenyekiti akasimama kutufafanulia. Akasema usalama wa nishati wa taifa hili unaanzia Kiwalani. Alisema mara tatu. Kisha akasema betri ni kama tangi la maji juu ya nyumba, na hapo ndipo alipoharibu, maana Mama Shaibu akanyoosha mkono kuuliza likijaa litamwagikia uwanja wa nani. Nusu saa imekwenda kwenye hilo. Mama Shaibu ana kesi ya tangi na jirani yake tangu mwaka juzi.

Jambo lenyewe: betri haiwezi kubeba mtaa mzima. Nyumba kumi tu. Na sera inasema kuna mpangilio. Kwanza tiba, yaani nyumba yenye mtu anayehitaji umeme kwa ajili ya afya. Pili usalama. Tatu wengine. Kamati ya mtaa itapokea maombi, katibu atayaandika, Injinia atakuja kukagua.

Tiba kwanza. Nimekimbia nyumbani, karibu nivunjike mguu pale kwenye mtaro. Nikamweleza Baba Upendo yote. Alikuwa anapiga msasa kichwa cha mpingo. Hakuinua macho. Akasema, "Ukiandika jina langu pale, mie narudi kwetu Masasi."

Mkaidi. Mkaidi wa kutupwa.


Alhamisi, 6 Februari

Maombi arobaini na moja. Mtaa huu wenye vijana wanaobeba zege na wamama wanaopigana makofi bombani, leo mtaa mzima unaumwa.

Nimekaa barazani na daftari tangu saa mbili, nikawasikiliza mmoja mmoja kama muuguzi wa dirishani. Shaibu kinyozi ana pumu. Ameanza Jumanne jioni. Fundi viatu wa kona anaumwa kitu kinachohitaji feni. Jina la ugonjwa hajui, ila daktari alisema feni. Mama mmoja wa nyumba ya bluu anasema watoto wake wasipoona katuni wanapandisha homa. Nimeandika. Kazi yangu kuandika.

Masumbuko mwenye grosari amekuja na magongo. Asubuhi ile ile nilimwona anashusha kreti za bia begani, mbili mbili. Nikamwuliza mguu gani. Akaangalia chini kwanza. Nilipomfukuza akarudi saa nane kupitia kundi la pili, usalama. Hoja yake: bia ikiwa ya moto wateja wanapigana, wakipigana polisi wanakuja, kwa hiyo friza lake linalinda amani. Nimekiri moyoni kwamba hiyo imepangwa vizuri. Darasa la tatu ningempa alama.

Jioni akarudi mara ya tatu. Sasa ana sukari.

Nimeandika neno lile kwa mkono wangu, sukari, mbele ya jina la Masumbuko, huku mwenye nayo yuko uani anachonga na kupiga mluzi. Nilitaka kutupa daftari mtaroni.


Ijumaa, 7 Februari

Msiba nyumba ya tatu. Baba Upendo ameondoka na sururu saa moja asubuhi. Nimemsihi ale kwanza. Amekula ndizi moja. Amerudi mzima, udongo mpaka kwenye nyusi, anajisifu. Nimemchukia siku nzima.


Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nagombana na Mungu kuhusu Wamakonde.

Baada ya ibada nimepitia saluni ya Shaibu kumrudishia kitambulisho chake alichoacha kwangu. Nimesimama mlangoni, hawakuniona. Shaibu anawaambia wateja kwamba katibu ameshajiweka namba moja, na mumewe pia, na mdogo wake wa Kipawa atavutiwa waya. Wote wakasema ndivyo walivyo. Hee! Mie ambaye jina langu halimo! Mie nisiyelala kwa sababu halimo! Nimeingia, nimeweka kitambulisho juu ya mashine, nimemwambia pumu yake aipeleke hospitali ikapigwe picha. Mteja kabaki na upara nusu.

Nyumbani tumegombana kweli kweli, si kwa kunong'ona kama kawaida. Nilifungulia redio kwa sauti kubwa majirani wasisikie. Nikamwambia: siku ile hukunijua. Ulinitazama mkeo wa miaka thelathini ukaniuliza nani. Unataka nikae hapa nakulinda kwa mpira wa baiskeli mpaka lini? Akapunguza redio kidogo. Kisha akasema taratibu kwamba baba yake alipougua, watu waliacha kumsalimia kwa jina. Wakawa wanamsalimia kwa "mgonjwa anaendeleaje." Hata yeye mtoto wake.

Redio ikaendelea kutangaza sabuni.

Alipokwenda kuoga nimechukua fomu. Maombi yanafungwa kesho. Nimeandika jina lake mstari wa arobaini na mbili, jina kamili, na ugonjwa. Nimelitazama. Nikalikata kwa kalamu nyekundu. Siwezi. Nimemwahidi. Nimelia kidogo, kisha nikapika ugali wa dona.


Jumanne, 11 Februari

Siku ya ukaguzi. Niandike kwa mpangilio.

Injinia Neema kafika saa tatu. Tulikuwa watatu: yeye, Mwenyekiti, na mie na daftari. Nyuma yetu nusu ya mtaa, wanatufuata nyumba hadi nyumba, na Baba Upendo kati yao na vumbi la mpingo kichwani. Hakuwa na sababu ya kuja. Naye kaja.

Nyumba ya kwanza, kwa Shaibu. Kitandani kuna Bibi Zuhura, amefunikwa shuka, anapumua kwa nguvu. Shaibu akasema amebadilisha, mwenye pumu siyo yeye, ni bibi yake. Injinia akapiga goti, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakohoa vizuri sana. Injinia akaandika.

Sasa, Bibi Zuhura si bibi wa Shaibu. Ni bibi wa nyumba ya kijani kule mwisho, hana hata mafua. Lakini huku kwetu jirani akija kuazima kitu humnyimi. Kinu, jiko, mikeka, sahani za shughuli. Sikujua kwamba wameanza kuazimana na bibi.

Nyumba ya pili, kwa fundi viatu. Tulichelewa kidogo kwa sababu Mwenyekiti alitaka kumwonyesha Injinia mahali pa kontena. Tulipoingia, Bibi Zuhura yuko pale. Kiti cha uvivu, feni, leso kichwani. Wamempitisha uani. Ana kikombe cha chai na andazi. Injinia akakazia macho, lakini binti ana adabu, akapiga goti tena, "Shikamoo bibi."

Bibi Zuhura akashusha andazi. "Marahaba. Lakini mwanangu, si tumeshaamkiana kule kwa Shaibu? Kwenu shikamoo mnatoa mara ngapi?"

Nilijifunika uso kwa daftari. Fundi viatu alitoka kwa mlango wa nyuma na hajaonekana mpaka ninapoandika. Mwenyekiti akaanza kusema kuhusu ushirikiano wa jamii. Injinia aligeuka ukutani, mabega yakimcheza. Alikuwa anacheka, maskini. Bibi akauliza kama bado anatakiwa nyumba ya tatu, maana walimwahidi supu.

Halafu kwa Masumbuko.

Yeye hakuazima bibi. Alijiandaa mwenyewe. Kalala kwenye benchi la grosari, taulo kwenye paji la uso. Injinia akamwuliza anaumwa nini. Sukari. Anatumia dawa gani? Ya sindano. Inakaa wapi? Akafungua friza, kati ya bia akatoa kichupa. Kilikuwa cha dawa ya macho. Niliona, nikanyamaza. Injinia akauliza anajichoma vipi. Masumbuko akaonyesha kwenye goti. "Hapa. Kila Ijumaa. Halafu nashushia na soda."

Nikasikia sauti nyuma yangu. Nikaijua. Nikaomba ardhi ipasuke.

"Muongo wewe!" Baba Upendo amewasukuma watu, yuko mbele. "Kwenye goti? Kwa wiki mara moja? Na soda? Utakufa kabla Jumatatu haijafika! Inachomwa tumboni, asubuhi na jioni, leo upande huu kesho upande huu, unaacha vidole viwili kutoka kitovuni." Akapandisha shati. "Hapa! Unaona? Na hapa! Na haiwekwi kwenye friza, mjinga wewe, ikiganda umeshaiua!"

Grosari nzima ikageukia tumbo lake. Masumbuko akainuka kwenye benchi, mguu mzima kabisa, akauliza kwa upole, "Mambo yote hayo umeyajulia wapi, mzee?"

Shati lilikuwa bado juu. Vidoa vidogo tumboni, miaka miwili ya vidoa. Nilimwona anaelewa alichofanya. Alishusha shati taratibu, akalichomekea vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda mahali. Akasema, "Mie ndiye mwenye sukari." Basi. Akatoka.

Injinia akaniomba fomu. Akapitia mpaka mstari wa mwisho, akaona jina limekatwa kwa wino mwekundu. Akanitazama. Nikamwambia ndiyo, ni mume wangu, na nilikatazwa. Mwenyekiti alikuwa ananitazama pia, vibaya, kama mtu aliyetishwa. Sikuelewa. Nilidhani ana hasira kwamba katibu wake ameficha jambo.

Injinia akaandika jina upya.


Jumatano, 12 Februari

Hasemi nami. Mie! Aliyepandisha shati ni nani?

Wageni tangu asubuhi. Kila mmoja na dawa yake. Mlonge. Maji ya bamia. Mbegu za embe zilizosagwa. Mama Shaibu kaleta chupa ya kitu cheusi, anasema shangazi yake Mtwara alipona nacho na sasa anakula keki. Shaibu mwenyewe kaja, kasimama mlangoni, kasema samahani Mwalimu, kaondoka. Wote wakimwona Baba Upendo wanaweka kichwa upande na kusema, "Mgonjwa anaendeleaje?" Kila aliyesema hivyo nilitamani kumchapa.

Yeye kajifungia uani. Nyundo inagonga, haina mdundo.


Jumamosi, 15 Februari

Msiba tena, upande wa barabara kubwa. Sikutaka aende. Nikajua pia asipokwenda ndiyo basi tena. Nimempa uji, mayai mawili, nimemtia pipi mfukoni. Akaniuliza pipi za nini. Nikasema usiniulize. Ni maneno yetu ya kwanza tangu Jumanne.

Nimepata habari kwa Masumbuko, aliyekuwepo. Makaburini walimwekea kiti. Cha plastiki, cheupe, na mto juu yake. Wakasema mzee karibu, pumzika, vijana wapo. Akashukuru. Akakaa kama dakika mbili. Kisha akainuka, akakibeba kile kiti, akakitumbukiza kwenye kaburi lililokuwa limefika magotini, akakanyaga juu yake kushuka, akaomba sururu. Wakampa. Alipochoka akakaa humo humo shimoni juu ya kiti, akala pipi, akaendelea.

Masumbuko anasimulia huku anafuta machozi kwa kucheka. Ameniambia kwamba kijiweni wanamwita Mkandarasi. Nimemwambia Baba Upendo jina hilo wakati wa chakula. Aliongeza mchicha.


Alhamisi, 20 Februari

Kontena limefika. Mwenyekiti kakata utepe uliotengenezwa kwa kanga ya mkewe. Hotuba dakika arobaini. Usalama wa nishati, Kiwalani, taifa. Injinia Neema kasimama juani, mvumilivu.

Orodha imebandikwa. Nyumba tisa, si kumi. Kuna mtoto wa mashine ya kupumulia kule bondeni ambaye wazazi wake wala hawakuomba, Injinia alimkuta mwenyewe akitembea. Kuna mkunga. Kuna zahanati ndogo. Kuna taa ya kona ya mtaro ambako wanawake wanakabwa. Na sie. Ya kumi ameiacha wazi. Anasema mtaa wa watu wengi hivi lazima kuna mtu hajasema bado. Masumbuko hayumo. Ameniuliza kama ile hoja yake ya amani ilifika kwa wahusika. Nimemwambia ilisomwa yote.

Wamevuta waya wetu mchana. Fundi kaniuliza soketi iwe wapi. Baba Upendo akajibu kabla yangu: sebuleni. Friji lihamie sebuleni. Wakalibeba yeye na fundi, likapita mbele ya majirani wote waliojazana uwanjani, mchana kweupe. Nilibeba mpira wa baiskeli nyuma yao, sijui kwa nini.


Jumatano, 26 Februari

Umeme umekatika saa sita. Feni ikasimama, redio ikanyamaza, mashine ya kusaga ya jirani ikafa katikati. Friji limeendelea kunguruma. Nilikwenda kuweka mkono juu yake kuhakikisha. Baba Upendo alikuwa ameshaweka wake.

Tumekaa sebuleni. Joto. Hatuna la kufanya, hakuna cha kukimbiza Kipawa. Nimechambua mchele. Yeye kalala kwenye mkeka, macho juu, anausikiliza ule mngurumo. Alikuwa ananuna kidogo, mdomo tu, macho hapana.

Saa nane na kitu hodi. Mwenyekiti, peke yake, bila kofia. Mkononi kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nikampa kiti. Hakukaa. Akatazama friji, akatazama mlango, akasema Mwalimu naomba niufunge. Nikamwambia funga.

Alifungua gazeti mezani. Kichupa kama vyetu. Ni chake, naye ana sukari, huu mwaka wa nne. Mkewe hajui. Umeme ukikatika nyumbani anakihamishia ofisini, kwenye mtungi wa maji. Amesema yote hayo kwa sauti ndogo, mtu mwenye hotuba za dakika arobaini, akaishiwa maneno, akabaki anakunja gazeti lake vipande vipande.

Nilitaka kusema pole. Nikajizuia.

Baba Upendo akainuka. Akafungua friji, akasogeza vichupa vyake upande mmoja wa rafu, akaweka cha Mwenyekiti upande wa pili. Akafunga. Akauliza, "Asubuhi unachoma ngapi?" Mwenyekiti akamwambia. Wakalinganisha. Wakaanza kubishana kuhusu viazi vitamu.

Nimewawekea chai, haina sukari. Fomu ya nyumba ya kumi ipo kwenye daftari langu. Nimeiweka mezani, na kalamu nyeusi, nimerudi kwenye mchele wangu. Sikumtazama.

Kama saa kumi watoto nje wakapiga kelele kwamba umeme umerudi. Sie ndani hatukuwa tumejua. Mwenyekiti hajainuka. Kamimina chai nyingine.